Shujaa wangu ana nguvu za ajabu, wasomaji wote wanamwita mchawi. Nimekosea wapi?

#1 Bint Karani (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Nina muswada wa riwaya, sura 31, miaka mitatu naandika usiku watoto wakishalala. Ni safari, fitina za ikulu, mapenzi na nguvu za ajabu. Dola ya kubuni ya visiwani, zama za mitepe na majahazi. Shujaa ni Salima, binti wa mshona mitepe. Akipiga mluzi, upepo unamjia. Waziri Jabali anataka kumpindua Sultani kijana, Tamimu. Salima anaingizwa ikulu kama mpishi, na humo humo yeye na Tamimu wanapendana.

Nimewapa watu sita sura tatu za kwanza. Wote sita, bila kuambizana, wamerudi na swali lilelile: huyu mchawi anakufa sura ya ngapi? Mmoja, mtu mzima na akili zake, kaniandikia kwamba anampenda sana Waziri Jabali kwa sababu ndiye pekee aliyeshtuka mapema.

Jabali ndiye mbaya wangu jamani!

Sura tatu nimeziambatisha hapo chini. Nisaidieni. Tatizo ni neno, ni hadithi, au msomaji wa Kiswahili hataki tu?

#2 Kitasa
Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

#3 Nusu Peni
Nimefungua sura ya kwanza. Mstari wa kwanza kabisa: "Tangu akiwa na miaka saba Salima alijua kwamba yeye ni mchawi, kama mama yake na bibi yake."

Dada, umeungama mwenyewe kabla ya kesi kuitwa, halafu unatafuta wakili. Tena "kama mama yake na bibi yake". Ukoo mzima ndani!

#4 Bint Karani
Hahaha. Sasa ningemwitaje?

#5 Mwalimu Mstaafu
Bint Karani, hongera kwa kazi. Tatizo lako ni neno, na neno lenyewe ni kongwe kuliko unavyodhani.

Uchawi kwa Kiswahili si nguvu za ajabu tu. Ni nguvu zenye nia ya kudhuru. Mganga anaweza kuchimba mzizi uleule, porini palepale, usiku uleule, lakini haitwi mchawi mpaka jirani augue. Pacha wake ni ulozi, unaotokana na kuloga au kuroga. Mzizi huo tunao pamoja na ndugu zetu wengi wa Kibantu: Wakikuyu wana mũrogi, Waganda wana omulogo, Washona wana muroyi. Nenda kote huko, hutasikia mtoto akisifiwa kwa jina hilo. Ubaya umo ndani ya mzizi, hukuutia wewe.

Waliotupotosha ni wanaotafsiri filamu za nje. Kila anayeshika kijiti chenye cheche wanamwita mchawi, awe mwema awe mbaya. Wewe umelichukua neno likiwa limetoka dukani, msomaji wako analijua lilikotoka.

#6 Ngalawa
Mie siingii kwenye uchawi. Nina neno moja tu la bahari. Sura ya pili umeandika majahazi ya Arabuni yaliwasili "yakisukumwa na kusi". Bibie, wanaotoka Arabuni huja na kaskazi, kuanzia kwenye Desemba hivi mpaka Machi. Kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba, na huwarudisha kwao. Hao mabaharia wako wamekuja kinyumenyume.

#7 Nusu Peni
#6 hiyo ndiyo nguvu ya ajabu yenyewe mkuu.

#8 Bint Karani
#6 ahsante sana, nimeona aibu. Narekebisha. #5 nimekuelewa mwalimu, lakini nikiondoa mchawi naweka nini? Sihiri? Mazingaombwe? Miujiza?

#9 Mwalimu Mstaafu
Sihiri imetoka kwenye Kiarabu na imekuja na hukumu yake ya dini. Ni haramu kabla hujamaliza sentensi. Mazingaombwe na kiinimacho ni mchezo wa kuwaduwaza watu kwenye tamasha, sungura ndani ya kofia. Miujiza ni ya mitume. Karama ni ya mawalii na wacha Mungu. Kila chumba kina mwenyewe.

#10 Dhahabu Nyeusi
Mimi sikubaliani kwamba ni neno. Fumo Liyongo je? Mwili wake haupenyi mkuki wala mshale, mpaka achomwe na sindano ya dhahabu. Nani amewahi kumwita mchawi? Tunamwita shujaa, na shuleni tulimkariri.

#11 Mkoma Mrefu
Dhahabu Nyeusi, jina lako limekuponza. Sindano ilikuwa ya shaba, na mahali ni kitovuni. Kwetu huku upande wa Kipini ukikosea hapo hata watoto watakucheka.

Kwa ambao hawajui: mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo. Alimfunga, na kijakazi Saada akampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Watu wakapiga ngoma ya gungu nje, yeye ndani anakata pingu, kelele za tupa zikamezwa na matari. Akatoroka. Mfalme akamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya uwaziri na binti. Mtoto akamuuliza baba siri yake, baba akajua anaulizwa kwa nini na bado akamwambia. Akachomwa usingizini. Akaamka, akatwaa upinde, akapiga goti karibu na kisima na mshale umevutwa, akafa hivyo hivyo. Mji mzima ukakaa bila maji, hakuna aliyethubutu kusogea. Wote walidhani yu hai.

Sasa niambieni, fitina za ikulu mnaenda kuzitafuta ng'ambo za nini?

#12 Kitasa
#11 nywele zimenisimama. Hii imeandikwa lini?

#13 Dhahabu Nyeusi
1870, na Steere.

#14 Mkoma Mrefu
Nusu ya kweli. Steere alichapa kisa kwa nathari kwenye mkusanyiko wake wa 1870. Utenzi wenyewe tunaousoma ni wa 1913, wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Na masimulizi ya mdomo ni ya zamani kuliko vyote viwili. Lakini hoja yako ya #10 ni nzito, naiunga mkono: hakuna aliyemwita mchawi.

#15 Shangazi wa Mchuzi
Samahani, nimechelewa kuingia. Mnajua kwa nini Liyongo hakuitwa mchawi? Kwa sababu ni mwanamume. Basi! Mwanamume akiwa na mwili usiopenya chuma ni shujaa. Mwanamke akiita upepo, majirani wanaanza kuhesabu watoto wao. Mngempa Salima ndevu msingekuwa hapa.

#16 Nusu Peni
Shangazi kaingia na mwiko mkononi.

#17 Mwalimu Mstaafu
Dada wa #15 ana hoja ila si yote. Wanaume nao huitwa wachawi, tena sana. Ninachokiona kwa Liyongo ni kwamba msimuliaji hasemi kinga ile ilitoka wapi. Haelezi dawa, haelezi aliyemchanja. Ingeelezwa tu kwamba alikwenda kwa fulani akachanjwa, leo tungekuwa na mjadala mwingine. Jambo lisilo na asili huwa ajabu, lenye asili huwa uchawi.

Tazama pia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Maji yake yalihusishwa na kugeuza risasi, Wajerumani wakamnyonga Mohoro Agosti 1905. Kwenye historia tunamwita mganga, kiongozi, mtabiri. Neno mchawi halimkai, kwa kuwa alitaka kuwaokoa watu.

#18 Paa Mweupe
Nami niongeze kisa cha Sultani Darai, kimo kwenye mkusanyiko uleule wa Steere. Masikini Hamdani anapekua jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema kama mtu! Anaokota almasi, anakwenda kumposea bwana wake binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba na kutwaa jumba lake. Hakuna hata mtu mmoja kwenye kisa anayekimbia akipiga kelele "paa anaongea". Wanamkaribisha wanamuuliza habari ya huko atokako.

Jibu langu kwa Bint Karani: kwenye hekaya ajabu haishtui mtu. Salima anashtua kwa sababu ulianza na mshtuko, "alijua kwamba yeye ni...". Anza na upepo umeshafika, watu wanaanika nguo.

#19 Kitasa
Paa aliishia wapi?

#20 Paa Mweupe
Aliumwa, bwana wake tajiri akaamuru apewe uji wa mtama. Baada ya yote yale! Paa akafa. Usiku Hamdani akalala kwenye jumba, akaamka asubuhi yuko jaani anapekua punje. Nilisimuliwa na bibi nikiwa darasa la pili, nikagoma kula uji wiki nzima.

#21 Wakili Njaa
Wakuu, Salima akija huku bara anafungwa. Tanganyika ilitungiwa Sheria ya Uchawi mwaka 1928, Kenya walitangulia 1925. Ukoloni uliondoka, sheria ikabaki kabatini. Ushahidi upo: mluzi, mashahidi bandari nzima.

#22 Nusu Peni
Ajiunge na timu ya mpira. Kule anaitwa kamati ya ufundi, na safari analipiwa.

#23 Kitasa
Hahahaha "kamati ya ufundi". Nakumbuka kipa wetu wa mtaani alifukia kitu golini tukafungwa saba. Fundi akasema tulikifukia kichwa chini.

#24 Mpiga Chapa
Nimecheka, ila nirudi kwenye mada kwa upande wa wachapaji. Niliwahi kupeleka muswada wenye majini na mapenzi kwa mchapishaji mmoja, simtaji. Nilikaa miezi minane. Ukarudi na karatasi yenye maneno manne: "Toa uchawi, ongeza mafunzo." Sababu ni soko. Kitabu kinachouzika ni kile ambacho kinaweza kuingia shuleni, na kamati ya shule haitaki kuulizwa na wazazi. Kwa hiyo waandishi wenye majini wamehamia kwenye simulizi za simu. Sehemu ya 1 mpaka ya 40 bure, ukitaka kujua kama kaolewa unatuma hela.

Msomaji wako, Bint Karani, amelelewa na hizo simulizi. Humo mchawi ni mama mkwe, siku zote, na anakufa sehemu ya 38. Ndiyo maana wote sita waliuliza anakufa lini.

#25 Bint Karani
#24 wewe umepita mule mule! Mmoja wao ni msomaji mkubwa wa hizo.

#26 Mwanagenzi
Kuna jambo hamjagusa. Riwaya yetu ya upelelezi ilikuzwa kwa kuvua kinyago. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka 1960, jina linakutisha, unaingia ukitegemea mzimu. Kumbe kuna Bwana Msa na kiko chake, anatafuta nyayo na uongo wa watu. Tumefundishwa kwamba nyuma ya kila mzimu kuna mtu mwenye sababu. Kwa hiyo msomaji akimwona Salima anaita upepo, nusu ya akili yake inangoja aambiwe ilikuwa hila.

#27 Dhahabu Nyeusi
Napinga. *Adili na Nduguze* ilikuja 1952, kabla ya Bwana Msa, na humo watu wanageuzwa nyani, mji mzima umekuwa mawe, na hakuna anayekuja kuvua kinyago. Wasomaji wameimeza miaka yote hii.

#28 Mwalimu Mstaafu
Ndiyo, ila angalia nani anageuza. Ni Huria, naye ni jini. Hasidi na Mwivu wanageuzwa nyani kama adhabu ya husuda yao. Adili mwenyewe hana nguvu yoyote, ana wema na mjeledi. Kwa Shaaban Robert ajabu inatoka nje ya binadamu, kisha inaondoka. Salima wa Bint Karani anayo ndani yake, ndipo tunapotetemeka. Angempa jini la bahari la kumsaidia, mambo yangetulia.

#29 Ngalawa
Mwalimu, nakuheshimu, lakini ukimpa jini ndiyo umeharibu. Kwetu mtu mwenye jini la bahari hupelekwa kupungwa. Msomaji atakaa kungoja ngoma na ubani, mapenzi atayasahau.

#30 Tisa Kumi
Sikutaka kuandika, lakini niandike.

Mimi ni wa Shinyanga. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Alipika miaka hamsini kwenye kibanda kisicho na dirisha, kuni zikiisha anawasha samadi ya ng'ombe. Huo ndio ulikuwa uchawi wake, moshi. Mtoto wa jirani alipofariki, watu waliacha kumsalimia. Hawakutamka kitu, waliacha salamu tu. Baba alijua maana yake, kwa sababu kijiji cha pili vikongwe wawili walikwisha kukatwa mapanga kwa macho hayohayo. Alimpandisha kwenye lori la pamba usiku, akaja kuishi kwetu mjini. Alikaa miaka kumi na moja na mpaka anafariki hakuzoea jiko la gesi, alikuwa analiangalia kwa mbali kama mbwa asiyemjua.

Kwa hiyo mimi neno hilo sichezi nalo. Dada andika riwaya yako, nitainunua. Ila kwa wengine wetu lina damu.

#31 Shangazi wa Mchuzi
Pole sana #30. Mungu amrehemu bibi.

#32 Nusu Peni
Pole mkuu. Nafuta utani wangu wa #3 moyoni.

#33 Bint Karani
Tisa Kumi, ahsante kwa kuandika. Bibi apumzike. Neno nimelitoa leo hii, muswada mzima. Lilikuwepo mara 64. Nilikuwa nalifuta moja moja kwa mkono na nikashangaa: kila nilipolitoa, sentensi ilibaki inasimama bila kuweka lingine. "Salima mchawi akapiga mluzi." "Salima akapiga mluzi." Sasa labda nimwite Mwita Upepo tu.

#34 Wakili Njaa
Mwita Upepo? Msomaji wa Tarime atadhani ni mjomba wake.

#35 Bint Karani
Hahaha basi, hana jina la kazi. Ana mluzi.

#36 Bwana Posa
Mnahangaika na neno, mimi nina swali la mapenzi. Binti ana nguvu za ajabu. Ameingia ikulu kama MPISHI. Sultani kampenda ndani ya wiki mbili. Jamani hakuna anayeona? Limbwata! Hata umwite malaika, msomaji wa kawaida ameshamaliza kazi: kamwekea kwenye chakula.

#37 Kitasa
Ndiyo maana naupenda huu uzi.

#38 Bint Karani
#36 umeniua. Sikuwahi kufikiria.

#39 Mkoma Mrefu
Lakini hilo si tatizo, hiyo ni mali! Usilikwepe, mpe Jabali. Yeye ndiye aeneze kwamba Sultani amelishwa kitu. Msomaji alikuwa analifikiri kimoyomoyo, sasa analisikia kwenye kinywa cha mbaya. Ataanza kujishtukia.

#40 Bwana Posa
Au atazidi kumpenda Jabali. "Si nilisema!"

#41 Shangazi wa Mchuzi
Subirini. Mimi ni mpishi wa shughuli, harusi za watu mia nne, niachieni jikoni hapa.

Kinachonikera kwenye sura tatu, mdogo wangu, si uchawi. Ni kwamba mluzi wake ni wa bure. Anapiga, upepo unakuja, anaendelea na maisha. Kitu cha bure ndicho kinachotia wasiwasi. Kwetu mtu akipata pasipo kutoa tunauliza nani katolewa kafara. Mwanamke akipata shamba la ghafla tunahesabu watoto wake. Mfanye alipe yeye, kwa mwili wake, msomaji amwone analipa.

Na alipe jikoni. Kila akiita upepo, ladha inamtoka mdomoni siku saba. Chumvi, ndimu, pilipili, vyote kama maji. Mpishi asiyeonja! Mimi niliwahi kupata homa nikapoteza ladha mkesha wa harusi, nilipika kwa kusikiliza. Mchuzi wenye chumvi ya kutosha unachemka na povu lake, wali ukikauka unalia tofauti. Nilimwita mtoto wa dada anionjee, nikamwambia usimwambie mtu. Ile aibu naijua. Siri ya Salima iwe hiyo. Wala si mluzi.

#42 Mwanagenzi
#41 hii ni bora kuliko kila kitu nilichosoma leo. Na inamfunga Jabali vizuri: akitaka kujua nani aliyeita upepo, hahitaji mpiga ramli. Anahitaji chumvi.

#43 Ngalawa
Na mie nimepata la kwangu. Usiirekebishe ile ya kusi, irudishe! Majahazi ya Jabali yanakuja na kaskazi, Januari, kuuzingira mji. Salima anaita kusi katikati ya kaskazi. Kila baharia bandarini atajua pale pale kwamba upepo huo si wa mwezi huo. Hakuna haja ya kusema ni ajabu. Nahodha atavua kofia tu akae chini.

#44 Mwalimu Mstaafu
Nakubali, ila bado nasema hata malipo hayatamwokoa pasipo asili. Nguvu yenyewe kaitoa wapi?

#45 Paa Mweupe
Na mimi bado nasema usiseme.

#46 Mpiga Chapa
Mtabishana mpaka kesho. Mchapishaji atauliza mafunzo yako wapi.

#47 Bint Karani
Wakuu nimerudi. Siku nne sijalala vizuri. Nimeandika upya karamu ya sura ya tisa, Salima ameita upepo jana yake. Kipande:

*Salima aliinua upawa, akaonja, akaurudisha kwenye kawa. "Upo sawa," alisema.*

*Kijakazi aliyekuwa akimenya tangawizi hakuinua uso. Konzi mbili za chumvi alizimwaga yeye kwenye chungu kile, kwa amri ya Waziri, na chembe zilikuwa bado zimemganda kwenye mikunjo ya vidole.*

*Ukumbini wageni walingoja Sultani aanze. Tamimu alimega mkate, akachovya, akatia mdomoni. Taya zake zikasimama. Jabali hakuwa akitazama sahani, alikuwa akitazama koo la bwana wake.*

*Koo likapanda, likashuka. Tamimu akamega tena, kipande kikubwa zaidi, akachovya mpaka kwenye kucha.*

*"Waziri," alisema, na sauti ilimtoka kavu, "mbona huli? Au hujapenda mkono wa mpishi wangu?"*

*Jabali alikula. Wageni wote walikula. Hakuna aliyeomba maji kabla ya Sultani, na Sultani hakuomba.*

#48 Shangazi wa Mchuzi
Mungu wangu. "Akachovya mpaka kwenye kucha." Huyo mwanamume ndiye.

Upawa kwenye kawa hapana lakini. Kawa ni la kufunikia chakula. Uweke kwenye sahani ya udongo.

#49 Tisa Kumi
Safi sana. Nimemsomea mke wangu.

#50 Ngalawa
Nzuri. Nimerudi pia sura ya kwanza: baba yake mshona mitepe, halafu ukurasa wa nne anagongelea msumari. Mtepe hushonwa kwa kamba za usumba, dada, msumari haumo. Na tanga ni la mkeka, wewe umeweka kitambaa.

#51 Bint Karani
#48 #50 nimeandika zote. Ahsanteni.

#52 Mwalimu Mstaafu
Kipande kizuri. Asili ya nguvu naendelea kuidai.

#53 Nusu Peni
Kitasa uko kimya. Umekaa pale tangu mwanzo, toa hukumu.

#54 Kitasa
Nimesoma mara mbili. Imenigusa, sitadanganya.

Lakini jamani. Mtu analishwa konzi mbili za chumvi mbele ya wageni, anachovya tena, anamsifu mpishi. Hapo na mimi ningekuwa Waziri ningesema limbwata.